Nimeuona, Bado Upo

Neutgol, Februari 6

Dada Hamhung,

Bado unapumua? Mimi napumua. Goti la kulia limekufa, sehemu nyingine zinaendelea.

Usishangae mwandiko. Ni wangu. Ulipohama hapa kwenda mjini sikujua hata kuandika jina langu. Nimejifunzia ukumbini, kwenye mabango ya kuwapinga wale wa mtambo. Neno la kwanza maishani mwangu kuliandika ni ONDOKENI. La pili ni HATUTAKI. Ndiyo maana herufi zangu kubwa hivi, kama mtu anayepiga kelele. Soma taratibu, hakuna anayekufokea. Labda kidogo.

Mwenyekiti Bae ameniambia umevunjika nyonga, wamekupeleka nyumba ya kulelea wazee huko Daegu, na simu huisikii hata ikibandikwa sikioni. Nikamwuliza, tangu lini? Akasema, tangu mavuno ya mpunga. Tangu mavuno, na mimi naambiwa leo! Nilimpiga na ufagio. Si sana.

Najua hatujasemeshana tangu malori yalipoleta ule mtambo wa Wamarekani wa kudungua makombora na kuuweka mlimani juu ya kijiji chetu. Mimi nililala barabarani kuyazuia. Wewe ukawapelekea askari chai ya shayiri. Nikakuita kibaraka mbele ya kijiji kizima, ukaniita mjinga asiyejua vita. Sikuandikii kuomba msamaha. Mpaka leo naona nilikuwa na haki ya kulala pale. Hawakutuuliza. Walituona kama kuku, unahamisha tundu tu.

Ila nimechoka kufunika matikiti peke yangu. Unakumbuka? Jioni kabla baridi haijashuka, wewe upande huu wa banda la plastiki, mimi upande ule, tunavuta blanketi juu ya matao. Kwangu kwanza, halafu kwako. Asubuhi tunafunua. Mwanangu amenifungia mashine ya kukunja na kukunjua. Inavuta vizuri kuliko wewe, haichelewi, haiumwi mgongo. Lakini haina hadithi hata moja.

Nijibu. Usipojibu nitajua umekufa, na nitakasirika sana.

Gaya

(Nimeandika Gaya kwa sababu ndivyo unavyoniita. Hapa mke huitwa kwa jina la mahali alipozaliwa mpaka anazikwa. Jina langu halisi hulitaja polisi tu, wakiniletea hati za mashtaka.)


Daegu, Februari 15

Mdogo wangu Gaya,

Barua yako ililetwa pamoja na dawa za asubuhi. Mlezi alitaka kunisomea, nikamkatalia. Nimeisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuza, ingawa kwa herufi zako kioo hakikuhitajika. Nadhani zinasomeka kutoka jengo la pili.

Nimefurahi. Sitaandika sana juu ya hilo, maana najua utanicheka.

Acha nikuambie jambo ambalo siku ile sikukuambia kwa sababu ya hasira. Nilikuwa na miaka saba tulipokimbia kutoka Hamhung, kule kaskazini, kwa meli ya Wamarekani. Meli ilikuwa imejaa vifaa vya vita. Wakavishusha bandarini ili watu wapande. Nilikaa mahali palipokuwa na masanduku ya risasi. Mtu aliyeshusha risasi zake ili mimi nipate pa kukaa, sikuweza kumnyima chai. Ndiyo yote. Sikuwa kibaraka wa mtu.

Sasa, kuhusu Taegyeom. Yule mtoto wa binti yangu marehemu, niliyemlea kwa matikiti. Yuko jeshini, mpakani kabisa, kwenye kikosi cha mizinga. Muda wake wa lazima unakwisha mwezi wa tano. Anataka kubaki, atie sahihi mkataba wa miaka mingine, anasema uraiani hakuna kazi. Ameomba baraka yangu. Nimemkatalia. Yule wa kaskazini ana mabomu ya nyuklia, na kila wiki anarusha kombora baharini kwa majaribio. Serikali ilinichukulia mtoto kwa lazima, sikuwa na la kusema. Lakini kwa hiari yake, kwa baraka yangu, hapana. Na bila neno langu hasaini. Hilo amelirithi kwa mama yake.

Usiku silali, Gaya. Maandishi ya televisheni ya hapa yanasema Wamarekani wana vita kwingine na huenda wakahamisha mitambo yao. Mtaalamu mmoja anasema ipo, mwingine anasema imeshaondoka. Wote wamevaa tai. Nyumba yangu ilikuwa imeelekea mlima ule. Kila siku kabla ya kulala nilifungua mlango nikautazama, nikauona, nikalala.

Niambie wewe kama bado upo. Umeniita mambo mengi, lakini uongo hujawahi kuniambia.

Hamhung


Neutgol, Februari 23

Dada Hamhung,

Upo. Nimetoka nje sasa hivi nikautazama. Umekaa pale pale, unanguruma kama jokofu bovu. Nimeutukana kama kawaida.

Kwa kuwa umeniuliza wewe, nitautazama kila asubuhi nikifunua matikiti, na nitakuandikia. Usimwambie mtu. Wenzangu wa barabarani wakijua ninautunza kwa macho, watanichoma na mabango yangu mwenyewe.

Habari za meli hukuwahi kuniambia. Miaka yote ile tunavuta blanketi, umenieleza kila kuku uliyemfuga, hukunieleza meli. Ungenieleza, bado ningelala barabarani. Lakini kibaraka nisingekuita.

Taegyeom umemkatalia vizuri. Shikilia hapo hapo. Arudi avune matikiti, mgongo wake mzuri.

Juzi ukumbini kulikuwa na vurugu. Bae kasoma gazeti, kaja na maneno mapya.

"Akina mama," anasema, "Mmarekani akiufunga mwavuli wake wa nyuklia, itabidi tutengeneze bomu letu wenyewe."

"Mwenyekiti," nikamwambia, "pampu ya maji ya kijiji imekushinda tangu kiangazi. Bomu ndiyo utaliweza?"

"Mama Gaya, bomu halipo ili lilipuliwe. Linakaa tu. Kazi yake ni kumfanya mwenzio aamini kwamba akikugusa utalilipua. Akiamini, hakugusi. Ndivyo Mmarekani alivyotulinda miaka yote hii. Jambo zima ni kuaminiwa."

Wolsan alikuwa anamenya vitunguu saumu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo wa kaskazini akiichoma Seoul, Mmarekani atampiga, halafu atakubali na mji wake uchomwe kwa ajili yetu?"

Bae akakohoa. "Ameahidi."

"Marehemu mume wangu aliahidi kuacha pombe," Wolsan akasema. "Tunammwagia chupa mbili kaburini kila mwaka, na naona anadai ya tatu."

Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Halafu kicheko kikaisha chenyewe. Kila mtu akainama, akamenya kitunguu chake.

Kula. Mifupa haiungwi na huzuni.

Gaya


Daegu, Machi 5

Mdogo wangu Gaya,

Barua yako naiweka chini ya mto. Usiku nikishtuka naishika, najua imeandikwa "upo", nalala tena. Mlezi anasema sasa namaliza bakuli la uji. Anadhani ni dawa.

Mwambie Wolsan nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaita muuguzi.

Bae si mjinga kama unavyomfanya. Ni kweli jambo zima ni kuaminiwa. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliwaona. Nilikuwa mdogo, lakini niliwaona wakishusha masanduku. Mtu akikutendea hivyo mara moja, unamwamini mpaka kufa, hata kama hastahili.

Taegyeom ameandika tena kuomba. Bado nasema hapana, lakini naanza kumhurumia. Anasema mwenzake aliyemaliza muda anasafisha magari usiku. Kama ningekuwa na uhakika kwamba hakutakuwa na vita, labda.

Usiache kunitazamia.

Hamhung


Neutgol, Machi 12

Taegyeom, mjukuu,

Mimi ni Bibi Gaya, jirani ya bibi yako, yule aliyekuchapa ulipokanyaga miche. Bae amenitafutia anwani ya kikosi chako.

Wameuondoa mtambo. Jana asubuhi, tukiwa tunafunua matikiti, tukasikia malori. Tukadhani wanaleta mwingine. Tukatoka mbio, tunaoweza kukimbia, wengine na vigari vyao vya kujikongojea, mabango mikononi. Kumbe malori yanashuka. Yamebeba. Yamefunikwa maturubai, lakini mimi nimeutazama mtambo ule kwa chuki miaka mingi, umbo lake nalijua hata ukivishwa sanda.

Wolsan alikuwa mbele na bango la ONDOKENI. Kijana mmoja wa Kimarekani, ana chunusi, yuko juu ya lori la mwisho, akatupungia mkono kama mtu anayeondoka likizo. Wolsan akampungia. Halafu akaona aibu, akaficha mkono nyuma ya bango.

Hiki ndicho tulichokitaka. Tumelala barabarani kwa ajili ya hiki, tumeburutwa kwa miguu, wengine wetu wamezikwa wakikingoja. Nilisimama nikisubiri mtu apige makofi. Hakupiga mtu. Walipouleta hawakutuuliza, walipouchukua hawakutuaga. Tulikuwa kama watu waliokuja mazishini wakakuta maiti imeshaondoka.

"Sasa tufanye nini?" Wolsan akaniuliza.

"Tukafunue matikiti," nikamwambia. "Jua limepanda, yataungua."

Bae kapiga simu wilayani. Wamemjibu kwamba ulinzi wa taifa uko imara, na kwamba hawazungumzii mienendo ya vifaa vya mshirika. Akarudia maneno hayo mara mbili, kama mtu anayetafuna kitu kisicholainika.

Sasa nisikilize. Bibi yako asijue. Ameanza kula. Analala kwa sababu anaamini mtambo upo, na anaamini kwa sababu nimesema mimi. Ukimwandikia, kuhusu hili funga mdomo. Televisheni itasema hivi na vile, hata haisikii. Atanisikiliza mimi.

Vaa soksi mbili. Huko ni baridi.

Bibi Gaya


Neutgol, Machi 12

Dada Hamhung,

Upo. Nimeuona asubuhi hii.

Ukungu ulikuwa umeufunika. Nikasimama nangoja mpaka jua likapanda, ukajitokeza kidogo kidogo, kwanza kichwa, halafu mabega. Nikautukana, nikarudi kazini.

Matikiti yametoa maua. Leo tumefungulia nyuki.

Kula.

Gaya


Neutgol, Machi 24

Dada Hamhung,

Upo. Hata rangi wameupaka upya, unang'aa. Wameongeza na taa nyingine upande wa bondeni, usiku inaonekana mpaka kwa Wolsan. Wamarekani wawili walishuka dukani wakanunua tambi za pakiti, mmoja mrefu, mmoja ana chunusi. Hawa hawana haraka ya kwenda popote, wamejikalia.

Gaya


Mpakani, Aprili 2

Bibi Gaya, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Niko mzima. Soksi navaa mbili.

Nilifanya kama ulivyoniagiza, sikumwambia Bibi. Lakini kuna jambo limetokea na naona ni lazima ulijue. Bibi amenipa baraka. Barua yake ilifika wiki hii. Ameandika hivi: "Gaya anautazama kwa macho yake kila siku. Wameupaka hata rangi. Mtu hapaki rangi nyumba anayoihama. Basi Wamarekani hawatuachi, na kama hawatuachi, wa kaskazini hatathubutu. Kaa jeshini, mwanangu, upate mshahara, uoe."

Bibi Gaya, nilikaa na karatasi mbele yangu jioni nzima. Nilijua anachokiamini si kweli. Sisi hapa tumejua tangu mwezi uliopita, japo kamanda anasema hakuna kilichobadilika. Nilitaka kumwandikia. Kisha nikafikiria uraiani nitafanya nini. Na wewe ulisema nifunge mdomo, nikajiambia basi, nimeagizwa na mkubwa.

Tena, kama mshirika anaondoka, si lazima abaki mtu? Kutoka kwenye kituo chetu tunawaona wale wa upande wa pili kwa darubini. Kuna mmoja hufua soksi zake kila Jumapili na kuzianika kwenye waya wa miiba. Mwembamba, umri wangu.

Nitatia sahihi tarehe kumi na tano. Tafadhali usinikasirikie.

Wako mtiifu,
Taegyeom


Neutgol, Aprili 7

Taegyeom,

Nakukasirikia.

Nilikuambia ufunge mdomo ili mgonjwa alale, si ili uchukue baraka isiyo yako. Nilimtandikia mama mzee mkeka wa uongo apumzike, wewe ukaja kuupanda na mabuti.

Hapana. Ngoja. Mkeka niliutandika mimi. Na rangi ile niliipaka mimi, kwa mdomo wangu. Hakuna aliyeniuliza habari ya rangi.

Usitie sahihi mpaka umwambie. Kama baada ya kujua bado atakubariki, kasaini na mikono miwili. Mimi namwandikia leo hii, lakini posta ya hapa unaijua. Nyie mna simu kambini: piga kwa mlezi wewe mwenyewe, maana baraka umeichukua wewe, mwambie amwandikie ubaoni, amwonyeshe. Fanya kabla ya tarehe kumi na tano.

Bibi Gaya


Neutgol, Aprili 7

Dada Hamhung,

Haupo.

Waliuchukua mwezi uliopita. Niliuona ukiondoka. Kesho yake nikakuandikia kwamba upo, habari ya ukungu na mabega. Hapakuwa na ukungu. Rangi pia hakuna, wala taa, wala tambi. Yule wa chunusi yupo kweli, lakini nilimwona akiondoka.

Nilitaka ule.

Mnyime Taegyeom baraka yako upesi, au mpe tena ukiwa unajua. Anasaini tarehe kumi na tano. Ulimpa kwa sababu yangu, na niliyosema hayakuwa kweli.

Gaya


Daegu, Aprili 17

Kwa Bi. Kwak Pilnam,

Barua yako imefika jana. Taegyeom hakupiga simu. Ametia sahihi.

Ulilala barabarani katika baridi, ukaburutwa na polisi, na nilipokuuliza sababu, kabla hatujanyamaziana, ulinijibu kwamba tatizo si chuma kile. Ulisema, wamekuja na jambo la kufa na kupona juu ya vichwa vyetu, wakaamua wenyewe tunachostahili kujua, kana kwamba sisi ni watoto. Nilikukasirikia, lakini jibu lile sijawahi kulisahau. Nilikuheshimu kwa jibu lile.

Nami umenifanya mtoto.

Wataalamu wa televisheni niliwakataa wote, nikakuchagua wewe. Wamarekani wakiondoka, wana vita vyao, wana watoto wao, siwezi kuwalaumu sana. Hawanijui mimi. Wewe unanijua.

Ningeweza kuishi bila mtambo. Nisingelala, nisingekula, lakini ningesema hapana, na mtoto angerudi nyumbani mwezi wa tano. Sasa nimemtuma mpakani kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tafadhali usiniandikie tena.

Tak Okseon


Neutgol, Mei 20

Dada,

Umeniambia nisiandike. Nimejitahidi, nimeshindwa. Naanza na mabaya, ili usije ukadhani nimeyaficha nyuma.

Taegyeom wamempa kituo kile kile cha mpakani, kwa muda wote wa mkataba. Sidhani kama amekuambia. Ameniambia mimi, jana, alipopita hapa katika likizo yake. Amevaa sare mpya, kola inamkata shingo. Akakaa barazani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Nimekula, Bibi."

"Muongo. Kaa hapo."

Nikampa supu ya maharage na wali. Akala kwanza kwa adabu, halafu akala kama mtoto aliyetoka shule.

"Bibi haongei na mimi," akasema. "Nilikaa pale siku nzima. Amegeukia ukutani. Mlezi anasema uji hali tena, ananusa tu."

"Ulitegemea nini, akupigie vigelegele?"

"Hata kama angejua ukweli, ningesaini, Bibi Gaya. Sina kwingine."

"Basi ungesaini ukiwa umesimama juu ya ukweli, na yeye angekulaani au angekubariki akiwa na macho. Sasa umesaini juu ya mdomo wangu, na yeye amebaki na mzigo ambao haukuwa wake. Simu kwa nini hukupiga?"

Akakoroga supu.

"Nilishika simu," akasema. "Nilijua atasema hapana."

Nilitaka kumpiga. Nikainua mkono kabisa. Halafu nikaona ananitazama, haukwepi, anaungoja. Nikamwongezea wali.

Baadaye akaniuliza, "Bibi, kutakuwa na vita?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mwenye darubini."

Akacheka kidogo. Kisha machozi yakadondoka kwenye bakuli, na akaendelea kula, anakula na machozi yake, kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho. Ana mikono ya binti yako, Dada. Namna ile ile ya kushika kijiko karibu na mwisho.

Sasa kuhusu ulichoniandikia. Nimekisoma mpaka nimekijua kwa moyo. Ni kweli. Walinitendea hivyo, nikalala barabarani, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, halafu nikachukua jambo lile lile nikakutendea wewe. Na unajua kinachonitesa? Nilijisikia vizuri. Kila nilipoandika "upo" nilijiona mwema, mtu wa kutegemewa. Nikaongeza na rangi. Labda na wale wakubwa wa serikali hujisikia hivyo hivyo wanaposema ulinzi uko imara. Labda wanatupenda. Mungu atuepushe na kupendwa hivyo.

Bae sasa si peke yake anayezungumza habari za bomu. Anasema huko Seoul wanazungumza wakubwa, vijana, walimu, kila mtu anataka letu wenyewe. Nilimwuliza, tukiwa nalo, Taegyeom atarudi kutoka mpakani? Akasema hapana, ndipo watahitajika zaidi. Nikamwuliza, tusipokuwa nalo? Akaondoka kwenda kuitazama pampu.

Pale ulipokaa mtambo pamebaki saruji. Mvua imejaza mashimo ya miguu yake, kuna vyura. Nimekwenda nikatazama leo, si kwa ajili ya kukuandikia, nilitaka tu kuona. Hakuna kitu. Mlima ni mlima. Nilisimama pale nikaogopa, Dada. Mimi, niliyekuita mwoga. Nikaelewa kwa nini ulikuwa ukifungua mlango kabla ya kulala.

Sina kitu cha kukupa badala yake. Mtoto siwezi kumtoa kule. Siwezi kukuambia hakutakuwa na vita. Siwezi kukuambia yule askari wa ng'ambo, ambaye Taegyeom humwona kwa darubini, ataendelea kufua soksi zake tu. Nikisema lolote kati ya hayo, nipige kibao.

Alhamisi Bae anapeleka matikiti sokoni Daegu, nitapanda humo humo, juu ya makasha. Naleta uji wa ufuta, nimeukoroga mwenyewe, hauna mabonge. Sikuombi ruhusa maana utaninyima.

Kama umegeukia ukutani, baki hivyo hivyo. Nitakaa upande wa mgongo wako. Na ukitaka kunitukana, usijisumbue kugeuka na nyonga hiyo. Tukana huko huko ukutani, nitasikia. Kiziwi ni wewe, si mimi.

Gaya